Isidingo na Mgodi Usioonekana

Ukikaa na watu waliokulia mijini mwetu mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii, haichukui muda mazungumzo kufika kwenye Isidingo. Mmoja atamtaja Barker Haines, mwingine atamtaja Cherel, na wa tatu ataanza kuimba muziki wa kufungulia mchezo kwa maneno aliyoyabuni mwenyewe akiwa mtoto. Watacheka, kisha kitafuata kimya kidogo, kama kile kinachofuata baada ya kumtaja jirani aliyehama. Watu hao leo ni walimu, makatibu wa matawi, wauguzi, wahasibu wa halmashauri na madereva wa malori. Kumbukumbu inayowaunganisha watu wengi na wa kazi mbalimbali kiasi hicho haiwezi kupuuzwa na yeyote anayejishughulisha na masuala ya itikadi.

Hata hivyo tumeipuuza, na kwa njia mbili. Wako wazee wetu katika Chama ambao jibu lao ni fupi: ile ilikuwa kasumba, michezo ya mabwanyenye iliyoletwa kuwapumbaza watoto wa wakulima na wafanyakazi. Na wako vijana ambao jibu lao ni fupi vile vile: ile ilikuwa burudani, acheni kutia siasa kila mahali. Mwandishi wa makala hii alikuwa mmoja wa watoto waliodaiwa kupumbazwa, na anakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili ni ya uvivu. La kwanza linamfanya mtazamaji kuwa gunia tupu linalojazwa lolote. La pili linaufanya mchezo kuwa kama mvua, kitu kinachoshuka bila mtu aliyekitengeneza, aliyekilipia wala aliyekiuza.

Tuanze na mchezo wenyewe. Isidingo ulianza kuonyeshwa Afrika Kusini tarehe 7 Julai 1998 katika SABC 3, stesheni ya shirika la umma lakini yenye kutegemea matangazo ya biashara, na ulikoma tarehe 12 Machi 2020, miaka karibu 22 baadaye. Mwanzilishi wake ni Gray Hofmeyr. Jina lake maana yake ni hitaji. Kisa kiliwekwa katika mji wa kubuni uitwao Horizon Deep, mji wa mgodi wa dhahabu upande wa magharibi wa Johannesburg, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa watu ambao utawala wa makaburu ulikuwa umewatenganisha kwa sheria: familia ya Waafrika ya akina Matabane, Makaburu wa mgodini, matajiri wa Kiingereza, na Georgie Zamdela, yule tuliyemwita Papa G, ambaye Darlington Michaels alimwigiza kwa ucheshi ambao haukuhitaji mkalimani. Ikumbukwe kwamba ulikuwa mwaka wa nne tu tangu uchaguzi wa 1994. Kumwonyesha Mwafrika na Kaburu wakigombea kazi moja, kiti kimoja na mwanamke mmoja katika mji mmoja lilikuwa jambo la siasa hata kama mtunzi angetaka lisiwe.

Huku kwetu mchezo huo uliletwa na ITV, stesheni ya watu binafsi iliyoanza mwaka 1994. Nasi tuliupokea kwa namna ambayo waliotuuzia hawakuikusudia hata kidogo.

Katika mtaa wetu, Temeke, televisheni iliyokuwa inafanya kazi vizuri ilikuwa moja, ya fundi cherehani. Mchezo kama huu umetengenezwa kwa ajili ya sebule ya familia moja, baba, mama na watoto wawili juu ya kochi, ili baada ya kila sehemu waonyeshwe sabuni, majani ya chai na gari. Sebule ya fundi ilijaa watu zaidi ya 20. Watoto tulikaa chini juu ya mkeka, akina mama juu ya makochi, wanaume walisimama mlangoni wakijifanya wanapita tu. Vitambaa vya wateja vilisogezwa pembeni. Waigizaji walisema Kiingereza kilichochanganywa na Kiafrikana, Kizulu na Kisotho, na maandishi ya Kiingereza yalipita chini haraka. Dada mmoja aliyekuwa kidato cha nne ndiye aliyetutafsiria kwa sauti, na pale asipofahamu alitunga. Miaka mingi baadaye nilipopata nafasi ya kuangalia tena baadhi ya sehemu zile niligundua kwamba nusu ya Isidingo niliyoipenda ilikuwa kazi ya dada yule. Cherel wake alisema methali za Kizaramo.

Jambo hili nalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo wazee wetu hawakuliona. Walihukumu mchezo bila kuingia chumbani. Katika chumba kile mtu hakunyamaza mbele ya picha: alimkatiza Barker, alimwonya Letti, aliuliza mali ile imepatikanaje, alibishana na mtafsiri. Umeme ulipokatika katikati ya kisa, na ulikatika mara nyingi, hakuna aliyeondoka. Tulimalizia sehemu iliyobaki wenyewe gizani, kila mmoja akitoa mwisho wake, na mwisho wa mama mmoja muuza vitumbua ulikuwa daima wa kumfilisi tajiri. Nasema kwa uhakika kwamba wengi wanaodhani wanaulilia mchezo ule wanakililia chumba kile. Leo kila mtu anaangalia mchezo wake ndani ya simu yake, na vifaa vya masikioni vimefunga mlango ambao fundi aliuacha wazi.

Lakini kukitetea chumba si kuutetea mchezo. Hapa sina budi kumleta mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mchimbaji mdogo huko Geita. Alichimba katika maduara tangu ujana, akishuka kwa kamba na tochi. Mwaka mmoja, baada ya kazi kuwa ngumu upande ule, alikuja Dar es Salaam akakaa kwetu miezi kadhaa, na jioni moja akapelekwa kwa fundi kuangalia mchezo wa mgodi wa dhahabu. Alipewa kochi kama mgeni. Aliangalia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne akauliza, na sauti yake haikuwa ya ubishi: "Mbona hatuwaoni wanaochimba?" Dada mtafsiri akamwambia wako, watakuja. Mjomba akasubiri wiki mbili. Tuliona ofisi, tuliona chumba cha mikutano ya bodi, tuliona vyumba vya kulala, hospitali, baa na harusi. Tuliona watu wakinunua hisa, wakiiba hisa na kuuana kwa ajili ya hisa. Mtu anayeshuka ardhini hatukumwona katika jioni zote zile. Mjomba akaacha kuja, akawa anabaki barazani na redio yake.

Swali la mjomba ndilo uhakiki bora wa Isidingo niliopata kuusikia, na nimetumia miaka mingi kulitafutia jibu.

Jibu jepesi ni kusema kwamba mabepari waliwaficha wafanyakazi kwa makusudi. Naomba tusilikimbilie. Mchezo wa namna hii unatoka siku tano kwa wiki. Kila siku kikundi lazima kimalize kurasa nyingi za maandishi, kwa hiyo hupigwa picha ndani ya studio, katika vyumba vilivyojengwa kwa mbao, vyenye taa zisizohamishwa, ambamo watu wawili au watatu hukaa na kusema. Sebule haina gharama; shimo la mgodi lina gharama kubwa. Mfanyakazi mmoja anaweza kuingizwa sebuleni, lakini wafanyakazi 300 hawaenei. Na suala la mfanyakazi wa mgodini, yaani mshahara, saa za kazi, vumbi la mapafu, kuta zinazoporomoka, ni suala la watu 300, halitatuliwi na wawili juu ya kochi. Hivyo msingi wa uzalishaji wa mchezo wenyewe uliamua nani aonekane. Wenye mali walionekana kwa sababu mambo yao hufanyika vyumbani. Na hatua kwa hatua kisa kikahamia panapokifaa zaidi: stesheni ya televisheni ya kubuni iitwayo ON!TV, iliyokuja kuchukua nafasi kubwa katika mchezo. Mtaji ukatoka kwenye dhahabu ukaenda kwenye picha, na mchezo ukawa unajisimulia wenyewe.

Kuna na jambo la pili katika umbo hili. Mchezo usiokwisha hauwezi kuruhusu jambo lolote litatuliwe kwa wote. Hadithi za bibi zetu zina mwisho. Zimwi hufa na watu hutoka tumboni mwake. Katika mchezo wa mfululizo zimwi akifa stesheni imekosa biashara. Kwa hiyo kila tatizo hufanywa kuwa la mtu mmoja na hutatuliwa kwa njia za mtu mmoja: wosia, ndoa, kisasi, siri iliyofichuka. Asili ya michezo hii inajulikana: ilikuzwa katika redio za Marekani katika miaka ya 1930, na walioilipia ni makampuni ya sabuni kama Procter & Gamble, waliotaka mama wa nyumbani arudi kesho saa ile ile. Umbo lililozaliwa kwa ajili ya kuuza sabuni kila siku lina adabu yake, na adabu hiyo haibadiliki kwa sababu tu waigizaji ni Waafrika.

Sasa turudi kwetu, kwani hapa ndipo kumbukumbu inapouma.

Mwaka 1998, Isidingo ulipoanza, ndio mwaka ambao Bunge letu lilipitisha Sheria ya Madini iliyoweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na mwishoni mwa mwaka huo huo kampuni ya AngloGold ya Afrika Kusini ikanunua nusu yake. Haukuwa mtaji wa Afrika Kusini wa kwanza kuingia. Mwaka 1993 nusu ya hisa za Kampuni ya Bia zilikwenda kwa watengenezaji bia wa nchi hiyo. Mwaka 2000 benki ya Absa ilinunua sehemu kubwa ya hisa za NBC, benki iliyozaliwa na Azimio la Arusha. Mwaka 2002 shirika la ndege la Afrika Kusini lilichukua asilimia 49 ya shirika letu, ndoa iliyovunjika mwaka 2006. Na katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Net Group Solutions ilipewa uendeshaji wa TANESCO. Maneno kama mwekezaji, mwanahisa na bodi ya wakurugenzi yalikuwa mageni masikioni mwa wazazi wetu, lakini sisi watoto tulikuwa tumeshayajua. Tulijifunza kwa fundi cherehani, juu ya mkeka. Tulijua kwamba mali ya maelfu ya watu inaweza kubadilisha mikono katika chumba chenye meza ndefu na glasi za maji, na tulijua pia kushangilia upande mmoja wa meza dhidi ya mwingine. Hili ndilo fundisho la ndani la mchezo, na wala halikuwa uongo: mambo hufanyika hivyo kweli. Kasoro ni kwamba lilitufundisha kuyaangalia kutoka ndani ya chumba, kana kwamba nasi tumekaa mezani.

Ni ajabu ya historia. Utawala wa makaburu ulikataa televisheni kwa miaka mingi, ukiogopa kwamba picha zingevuruga ngome yake ya ubaguzi, na Waziri Albert Hertzog alikuwa adui wake mkubwa; nchi tajiri kuliko zote barani haikupata televisheni hadi mwaka 1976. Tanzania Bara nayo haikuwa na televisheni katika miaka hiyo, kwa sababu iliyo kinyume kabisa: chombo ambacho wachache tu wa mijini wangeweza kukinunua kisingepewa fedha ambazo kijiji kinazihitaji kwa maji na dawa. Zanzibar ilichukua njia nyingine, ikawa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulipofungua mlango mwaka 1994 tuliufungulia watu binafsi kwanza, na televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000. Uamuzi wa awali ulikuwa na hoja nzito, na sioni haya kuutetea. Lakini ulikuwa na upungufu mmoja: tulikataa chombo bila kuandaa watu watakaokitumia siku kitakapokuja. Kilipokuja kikatukuta hatuna watunzi wa picha, hatuna studio, tuna hamu tu. Hamu hiyo ikajazwa na bidhaa ya jirani.

Jirani huyo hakuwa mgeni kwetu. Vijana wa Rungwe na Mbeya walikuwa wakichukuliwa na wakala aliyeitwa Wenela kwenda kuchimba dhahabu ya Afrika Kusini, hadi Serikali ya Tanganyika ilipoufunga mlango huo baada ya Uhuru. Kisha watoto wa Afrika Kusini wakaja wao kwetu, wakasoma Mazimbu, Morogoro, katika chuo cha Solomon Mahlangu, hadi eneo lile lilipokabidhiwa kwetu mwaka 1992. Katika mambo niliyoyaona ya Isidingo sikumbuki mtu wa Horizon Deep aliyetaja babu yake kufanya kazi na Mnyakyusa, wala mwanasiasa aliyekumbuka ugali wa Morogoro. Sijui kama inatulazimu kudai hilo kwa mtunzi wa Johannesburg. Mwenye wajibu wa kulitunga kwanza ni sisi.

Ingekuwa dhuluma kuacha jambo moja ambalo mchezo ule ulilifanya vizuri kuliko mabango yetu yote. Nandipha Sithole, aliyeigizwa na Hlubi Mboya, alikuwa msichana mzuri, mwenye kazi, mwenye virusi vya UKIMWI, na alikuwa haifi. Aliendelea kurudi kila jioni. Katika mtaa wetu mgonjwa alifichwa chumba cha uani na jina la ugonjwa halikutajwa msibani. Dawa za bure zilikuwa hazijafika, zilianza kutolewa nchini mwaka 2004. Nakumbuka wanawake wawili katika sebule ile walioacha kucheka kila Nandipha alipotokea. Hapa kasoro ya umbo iligeuka kuwa faida: mchezo usiokwisha ulilazimika kumweka hai, na kumzoea kukawa kumkubali.

Wala si kweli kwamba nchi yetu haikuwa na mfano wake. Redio Tanzania ilianza mwaka 1993 mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, na wakulima walimfuata Mkwaju, dereva wa lori asiyejizuia, na mkewe Tunu, kwa hamu ile ile tuliyomfuata nayo Cherel. Mkwaju alikuwa mfanyakazi, na barabara yake ilikuwa barabara tunayoijua. (Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili wataalamu wapate kulinganisha, nimewahi kukutana na mtu wa huko ambaye bado anadai vipindi vyake.) Lakini Twende na Wakati uliandikwa kwa ajili ya uzazi wa mpango na UKIMWI, na kila mhusika alibeba somo lake mgongoni kama mzigo. Halafu vikaja vikundi vya mjini kama Kaole, vikaonyesha michezo ya Kiswahili katika ITV ile ile, na tukawapenda. Mara nyingi hata hao walijenga sebule, wakaweka kochi, wakamtafuta tajiri wa kukaa juu yake.

Nisisahau wafanyakazi wengine wasioonekana, yaani waigizaji wenyewe. Mwaka 2014 waigizaji 16 wa mchezo mwingine wa Afrika Kusini, Generations, waligoma wakidai mikataba na malipo bora, wakafukuzwa kazi wote. Mchezo ulisimama miezi miwili, ukarudi Desemba kwa jina refu kidogo na sura mpya. Sura zile zilizofukuzwa zilikuwa zinaigiza mabwanyenye kila jioni. Katika mwaka wa pili kabla ya hapo, tarehe 16 Agosti 2012, polisi waliwapiga risasi na kuwaua wachimbaji 34 waliogoma katika mgodi wa platini wa Marikana. Hao ndio watu ambao mjomba aliwasubiri wiki mbili. Tuliwaona hatimaye, katika taarifa ya habari.

Mrabaha wetu sasa ni asilimia 6, na tangu mwaka 2017 sheria inalipa Taifa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Ni hatua, na wengine wataandika juu yake katika kurasa hizi kwa takwimu. Mimi nafundisha fasihi katika darasa dogo la makada vijana, na mwaka jana niliwapa kazi: andikeni onyesho la kwanza la mchezo wa mgodi, mgodi wetu. Daftari zilirudi 23. Kumi na tisa zilianza ofisini kwa mkurugenzi au katika sherehe ya harusi. Mbili zilianza na hotuba ya mgeni rasmi. Moja ilianza chini ya ardhi, lakini mwandishi wake hakuwahi kushuka na ilionekana.

Ya mwisho ilikuwa ya msichana ambaye mama yake anapika chakula nje ya lango la mgodi. Onyesho lake halina tajiri wala halina kochi. Ni alfajiri, zamu ya usiku imetoka, mama anaosha vyombo na kuhesabu. Sahani zilizotoka jana jioni ni 40, zilizorudi ni 31. Anahesabu tena. Darasa lilibishana saa nzima juu ya zile sahani tisa, ziko wapi na waliozichukua wako wapi, hadi mlinzi akaja kutuzimia taa, nasi tukaendelea kubishana nje.